Usimrushe dirishani konokono wa mwanao

MPENZI msomaji, hebu nijibu kwa kweli. Ungefanyaje usiku wa Jumapili, umetia mkono katika begi la mwanao utoe nguo chafu, nao mkono ukaangukia kitu baridi, chenye utelezi, kinachonywea kikiguswa?

Mimi nilipiga ukemi uliomleta jirani wa ghorofa ya chini, mwiko mkononi.

Ilikuwa mwisho wa likizo ya Aprili. Kitinda mimba wangu, msichana wa miaka tisa, alikuwa ndio kwanza ashuke basi kutoka kwa nyanyake Kilifi. Ndani ya begi mlikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa kwa msumari, na kifuniko kilikuwa kimefunguka njiani. Konokono mmoja alikuwa bado mkebeni juu ya majani ya mpapai. Mwenzake, mkubwa kama ngumi ya mtu mzima, alikuwa akijitembelea juu ya rinda la kanisani.

"Ni wangu, Mama," binti akasema kabla sijauliza. "Nyanya alinipa. Alisema afadhali niende nao kuliko wamalize mchicha wake."

Babake, bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti, alitoa hukumu kwa neno moja: chumvi.

Mzazi mwenzangu, kilio kilichofuata unakijua. Nami kwa kutaka usingizi nikatamka lile neno ambalo wazazi wengi hulijutia baadaye: "Basi wakae mpaka tuone."

Tangu siku hiyo nimegundua kwamba si kwetu tu. Nyumba nyingi za kupanga jijini haziruhusu mbwa, na paka huvumiliwa kwa shingo upande. Mtoto naye anataka kitu chenye uhai cha kumtunza. Konokono habweki, hapandi juu ya meza akala nyama, wala haombi chanjo. Mwenye nyumba anaweza kuja kuchukua kodi miezi sita bila kujua kwamba ana wapangaji wawili zaidi.

Lakini ni vyema umjue kabla hujamkubali. Konokono huyu mkubwa ni mwenyeji wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wanasayansi humwita Lissachatina fulica, na vitabu vya zamani vinamtaja kama Achatina fulica. Gamba lake laweza kufika sentimita 20, ingawa wengi huishia chini ya hapo. Huishi miaka mitano au sita, na akitunzwa vizuri aweza kukaribia kumi. Hebu piga hesabu: mtoto aliye gredi ya nne leo atakuwa amefika sekondari na konokono wake angali anadai sukuma wiki. Je, ni nani atakayekuwa akimlisha wakati huo?

Uingereza wanamfuga majumbani na hata madarasani, na watu huko humzungumzia kwa mapenzi tunayoyaweka sisi kwa kuku wa kienyeji. Konokono wa nchi kavu mkubwa kuliko wote waliopata kupimwa alikuwa wa aina nyingine, ya Afrika Magharibi. Aliokotwa Sierra Leone mwaka wa 1976 akapelekwa kufugwa Uingereza. Akijinyoosha alikuwa na sentimita 39.3 na uzito wa gramu 900. Hiyo ni karibu kilo nzima ya konokono, msomaji!

Makao yake si ghali. Sisi tulichukua sanduku la plastiki lenye kifuniko, tukatoboa matundu ya hewa, tukatia udongo usio na mbolea ya dukani wala dawa, wenye kina cha vidole vinne hivi. Udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope. Hunyunyiziwa maji kila jioni, maana konokono huamka giza likiingia. Maji ya mfereji hulala usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi kwanza ili dawa ipungue. Chakula ni maganda na masalio ya jikoni: sukuma wiki, tango, karoti, papai, yote yakiwa yameoshwa. Chochote chenye chumvi ni mwiko, kwani chumvi humnyonya maji mwilini hadi afe, na kifo hicho ni cha mateso. (Baba mtu ameelezwa, na amenyamaza.)

Tulichokosea ni chokaa. Juma la tatu nilimkuta mmoja wao kwenye ukuta wa bafu, akikwangua rangi na plasta kwa ulimi wake, ambao una vijino maelfu kama tupa. Nilidhani ni utundu, kumbe ni njaa. Konokono hujenga gamba lake kwa kalisi na akiikosa gamba hupauka na kubanduka. Tangu hapo maganda ya mayai ya kiamsha kinywa hukaushwa, yakasagwa na kuwekwa kwenye kifuniko cha chupa. Kuta zimepona. Kifuniko cha sanduku nacho kimewekewa jiwe juu, kwa sababu mnyama huyu usiyemdhania ana nguvu za kukiinua.

Ikaja baridi ya Julai. Siku moja nilikuta wote wawili wamejikunja ndani kabisa, na mlango wa gamba umezibwa kwa utando mweupe mkavu kama karatasi. Nikawaguta, kimya. Nikatikisa, kimya. Msomaji, nikiri: moyo wangu ulifurahi kidogo. Nikawatia katika mfuko, nikautundika mlangoni ili mwenye kuzoa taka aupitie asubuhi, nikaanza kutunga maneno ya kumfariji mtoto.

Aliuona mfuko kabla ya taka kuzolewa. Hakulia. Aliwatoa, akawanusa, akaniambia, "Mama, wangekufa wangenuka." Akawaweka kwenye sufuria yenye maji ya vuguvugu ya kina cha ukucha. Baada ya muda wa kunywa chai hivi, utando ukalegea, vikatokea vipapasio vinne, viwili virefu vyenye macho kwenye ncha vikinitazama mimi niliyekuwa nimewazika wazima.

Ndivyo wanavyofanya hali ya hewa ikiwa kavu au baridi: hujifungia wakalala, na huweza kukaa hivyo kwa miezi. Kwa hivyo usiharakishe kumtupa konokono aliyenyamaza. Na ukimwinua usimvute kwa gamba akiwa ameshikilia kitu. Lowesha vidole, mpitishie mkono chini taratibu, atapanda mwenyewe.

Usafi nao tusiufanyie mzaha. Kuna mnyoo anayeishi katika mishipa ya mapafu ya panya. Konokono akila kinyesi cha panya huyo hubeba vijinyoo vyake. Mtu akila konokono mbichi, au mboga isiyooshwa iliyopitiwa na konokono, vijinyoo hivyo vyaweza kufika kwenye utando wa ubongo na kumletea maradhi makali. Ugonjwa huu umejulikana zaidi Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya Pasifiki, lakini hiyo si sababu ya sisi kulegea. Kwetu sheria ni moja: ukimshika konokono, unanawa kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine. Sanduku halikai jikoni, na mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni hapewi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitia kalamu mkononi.

Mapema Septemba binti aliniita akiwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa. Chini ya udongo palikuwa na rundo la vitu vya mviringo, vyeupe vyenye umanjano, vikubwa kidogo kuliko punje ya pilipili manga. Mayai! Tuliyahesabu kwa kijiko. Yalikuwa 143.

Konokono wa aina hii hana dume wala jike. Kila mmoja ana via vya pande zote mbili, na wakikutana huweza kutaga wote. Hutaga mamia ya mayai kwa mwaka, nayo huanguliwa kwa majuma mawili hivi. Isitoshe, aliyekwisha kupandana huhifadhi mbegu za mwenzake kwa miezi mingi. Kwa hivyo hata ukimwokota mkubwa mmoja peke yake ukadhani umeepuka, usishangae.

Nilikuwa na jibu tayari. Shangazi yake ana shamba Kiambu, pana majani na mvua. Tungeyapeleka huko Jumamosi tuyamwage chini ya migomba, na kila mtu alale. Mtoto akashangilia. Hata mimi nilijiona mama mwenye huruma.

Namshukuru Mungu kazi yangu ni ya kusoma kabla ya kuandika. Mwaka wa 1966 mvulana mmoja wa Miami, jimbo la Florida, Marekani, alitoka Hawaii na konokono watatu wa aina hii hii. Hata Hawaii hawakuwa wenyeji, maana waliingizwa mwaka wa 1936. Nyanyake akawaachilia bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa wamepatikana zaidi ya 18,000. Kuwamaliza kulichukua karibu miaka kumi na zaidi ya dola milioni moja. Wakaonekana tena Miami mwaka wa 2011, na safari hii ikawa miaka kumi mingine, pamoja na mbwa waliofundishwa kuwanusa, kabla ya jimbo kutangaza mwaka wa 2021 kwamba wamekwisha. Mwaka uliofuata wakapatikana kwingine katika jimbo hilo hilo. Marekani leo kumfuga bila kibali ni kosa.

Tena walikokuja kuwa balaa, walipelekwa kwa mkono wa binadamu. Mwaka wa 1847 Mwingereza William Benson aliwatoa Mauritius akawaachilia katika bustani ya Calcutta, India, na kutoka huko wakaenea. Hula aina mamia ya mimea. Wa Kilifi wana maadui wao na mchicha wao. Ukiwahamisha, hujui nani atawazuia.

Na dawa yaweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa. Hawaii mwaka wa 1955 na kisiwa cha Moorea mwaka wa 1977, wakubwa walileta konokono mwingine mla-nyama kutoka Marekani ili awale hawa wetu. Yeye akaona ni kazi bure kuhangaika na magamba mazito. Akageukia konokono wadogo wa asili wa visiwa hivyo. Huko Moorea, ndani ya miaka kumi, konokono wa miti waitwao Partula walikuwa wameisha kabisa porini. Waliosalia ni wale wachache waliowahi kuchukuliwa na kuwekwa kwenye masanduku ya vioo, London na kwingineko, wakalishwa na kuhesabiwa mmoja mmoja kwa miaka mingi. Tangu 2015 wamekuwa wakirudishwa visiwani. Sitamcheka tena mtu anayemfuga konokono kwa makini.

Basi jioni hiyo nilikaa na binti yangu kwenye ukingo wa kitanda, nikamweleza habari za mvulana wa Miami na nyanyake. Nikamwambia kwamba mayai hayaendi Kiambu. Yatatiwa kwenye kikopo, yakae ndani ya friza siku mbili, kisha tutayafukia kwenye chungu cha maua. Asiye na friza huyachemsha au kuyaponda. Yakifanyiwa hivyo siku ileile yalipotagwa, hakuna kitoto kilichokwisha kuumbika ndani.

"Kwa hivyo tutayaua," akasema.

Nilitafuta neno laini, nikalikosa. Nikasema ndiyo.

Akauliza mbona nilimruhusu awalete Nairobi. Hapo, msomaji, mama hana la kujitetea. Ningepaswa kusema usiku ule wa Aprili kwamba wa Kilifi wabaki Kilifi, atawachezea kila likizo. Ungali na nafasi hiyo wewe. Umepewa konokono wa pwani, mwache pwani. Ukiwa naye tayari, mtunze mpaka mwisho wake, na usikubali kamwe kumwachilia bustanini, kando ya mto au nyuma ya shule, hata mtoto akilia namna gani. Usimpe rafiki asiyejua habari za mayai.

(Walioniuliza kama kuna pesa katika ute wa konokono: wapo wanaowafuga kwa biashara humu nchini, kwa kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Hilo ni la ukurasa mwingine.)

Siku tatu binti hakunisemesha ila kwa shida. Ya nne akachukua daftari la zamani akaandika tarehe na hesabu ya mayai. Akaamua mwenyewe kwamba kila Jumamosi atapekua udongo kabla ya kupiga deki.

Jumamosi iliyopita alipata mengine. Hakuniita. Nilimkuta jikoni amepanda stuli, anasukuma nyama na maharagwe pembeni mwa friza ili kikopo chake kipate nafasi.