Brashi ya Kichina, Herufi za Msahafu

Toleo hili ni la sanaa ya khati, na tumeona tulifungulie China, kwa Haji Noor Deen Mi Guangjiang, Mwislamu wa jamii ya Wahui aliyezaliwa mwaka 1963 huko Yucheng, mkoani Shandong. Anayeiona kazi yake kwa mara ya kwanza hudhani ni maandishi ya Kichina: gombo refu la karatasi ukutani, wino mweusi, muhuri mwekundu pembeni. Jicho likitulia, alif inajitokeza, kisha lam, mpaka jina la Mwenyezi Mungu likasomeka lote. Wengi huishia kwenye mshangao huo. Sisi tunasema kuishia hapo ni kumdhulumu.

Mtindo anaouandika, Sini, aliurithi. Wafanyabiashara Waislamu walifika China tangu enzi ya watawala wa Tang, na katika karne ya 16 Hu Dengzhou wa Shaanxi akaweka msingi wa darasa za misikitini, ambako vijana wa Kihui walisomeshwa Kiarabu kizazi baada ya kizazi. Misahafu yao waliinakili katika vitabu 30, kila juzuu na jalada lake. Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, misikiti ikafungwa na vitabu vya dini vikachomwa moto. Noor Deen alikulia katika miaka hiyo hiyo.

Ugumu wa kazi yake unaanzia kwenye vifaa. Mwandishi wa Cairo au Istanbul hutumia kalamu ya utete iliyokatwa ncha kwa mshazari. Unene wa mstari hutokana na jinsi anavyoilaza ncha hiyo, na kila herufi hupimwa kwa nukta, kwa kanuni inayonasibishwa na Ibn Muqla wa Baghdad. Karatasi yake hupakwa ute wa yai na shabu, ikasuguliwa mpaka ing'ae, ili wino ukae juu juu. Akikosea, hufuta kwa kitambaa chenye unyevu na kuandika upya. Karatasi ya xuan ya mkoa wa Anhui haina huruma hiyo. Inaufyonza wino papo hapo. Mkono ukisita, doa linatanuka. Brashi ikipita upesi huku imeanza kukauka, inaacha michirizi myeupe katikati ya weusi, na michirizi hiyo kwa Wachina ni uzuri unaotafutwa kwa miaka. Kuliandika jina la Mungu mahali pasipofutika kunadai adabu ya namna yake: nia, pumzi na mkono viwe vimeshakubaliana kabla wino haujagusa karatasi.

Na bado hakutosheka na mkono wa nyumbani. Alijiweka chini ya kanuni za khati ya Kiarabu kama zinavyofundishwa Misri, na mwaka 1997 akawa Mchina wa kwanza kupata shahada ya Misri ya fani hiyo. Baadaye alifundisha katika chuo cha Kiislamu cha Zhengzhou, mkoani Henan, na leo kazi yake imo hata katika Makumbusho ya Uingereza. Hoja yetu imesimama hapa. Uhuru tunaouona kwenye magombo yake umelipiwa mara mbili, kwa utete na kwa brashi. Anayeichukulia Sini kama pambo la kigeni, au kama Kiarabu kilichopotoka, hajaona gharama hiyo.

Suala hili linatugusa. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na wanakili wa misahafu wenye mkono na nakshi za kwao. Tumezoea kuizungumzia miswada hiyo kama mali ya maktaba, tukihesabu kurasa na kugombania tarehe. Ni nadra kuuliza kalamu ilikatwaje, au mwalimu alimsahihisha mwanafunzi kwa kipimo gani. Wahui wameendelea kufundishana, kwa hiyo wanayo majibu ya maswali kama hayo. Tungependa walimu wa madrasa zetu, wale ambao bado wanaandika ubao kwa mkono mzuri, wawe wa kwanza kuzisoma kurasa zinazofuata, na watuandikie pale watakapoona tumekosea.