Usiilaumu baridi tu kwa malengelenge

Mwandishi wa makala ya kucha za jeli, asetoni umeieleza vizuri, ila lile la kuungua chini ya taa ya kukaushia umelipita haraka mno. Jeli inapokauka inatoa joto, na ukiipaka nene lazima uchomoe mkono. Mimi napaka kucha nyumbani hapa Njombe, mdogo wangu yuko Makambako: tunapaka nyembamba, mkono unaingia sekunde chache, unatoka, unarudi. Maumivu yale hatuyaoni tena. Na wewe dada kwenye maoni hapo juu unayesema vidole vinauma kwa sababu ya baridi ya Juni, pole, baridi yetu naijua, inapasua ngozi kweli, lakini malengelenge na muwasho kuzunguka kucha kwa mpaka jeli usiyasingizie baridi tu. Huo huenda ni mzio, na mara nyingi chanzo ni kemikali iitwayo HEMA, jeli ikigusa ngozi kabla haijakauka. Umoja wa Ulaya kwa sheria ya 2020 ulisema bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi tu. Sisi tunanunua vichupa visivyo na hata maandishi ya kueleweka! Glavu nyepesi zisikudanganye, HEMA inapenya. Acha kupaka, nenda hospitali, na siku ukienda kuziba jino mwambie daktari, maana dawa ya kuzibia mara nyingi huwa na kemikali za jamii hiyohiyo.