Bodaboda wetu hawajui kukaa, na hakuna anayewafundisha!

Chuo kimefunga, niko home Tukuyu, mtaa wa Msasani, na mvua haikatiki kama kawaida yake. Leo nina la moyoni na najua kuna watakaonuna.

Ajali ya bodaboda ikitokea huku maneno ni yale yale: mwendo kasi, bangi, vijana hawana akili. Haya, mwendo kasi upo, sikatai. Lakini mbona hakuna anayeangalia dereva alivyokaa juu ya ile pikipiki? Simama pembeni ya mteremko wowote wa udongo siku ya mvua uwatazame. Mabega yamepanda hadi masikioni, mikono imenyooka kama fimbo, macho yameganda kwenye tairi la mbele, pumzi kaibana. Halafu tunashangaa akiteleza!

Mikono ikikakamaa, kila jiwe tairi linalopiga linapanda hadi begani, na bega linairudisha ile nguvu kwenye usukani. Unapigana na pikipiki yako mwenyewe. Legeza viwiko, bana tenki kwa magoti, uzito ushuke miguuni, uone usukani unavyocheza kidogo na chombo kikajinyoosha chenyewe. Na macho je? Pikipiki inafuata unakotazama. Ukilikodolea shimo, utaingia shimoni. Breki ya mbele nayo inataka kufinywa taratibu, ila vidole vilivyokaza kwa woga vinaikamata ghafla, tairi linajifunga kwenye tope, kwisha habari.

Mafunzo niliyoyaona mimi huku ni alama za barabarani, kofia, leseni, picha ya pamoja, basi. Kuhusu mwili wanaambiwa "kaa wima, kaza mikono!" Hilo ni somo la gwaride jamani.

Wenzetu wa farasi walishalijua hili. Mwalimu mmoja wa Marekani, Sally Swift, alitoa kitabu chake Centered Riding mwaka 1985, na misingi yake ni minne tu: macho laini yanayoona eneo zima, kupumua, kujua kitovu cha mwili wako kilipo, na kuupanga mwili kiungo juu ya kiungo toka miguuni hadi kichwani. Alichota pia kwa F. M. Alexander, yule Mwaustralia aliyefundisha watu kuacha kukaza misuli isiyo na kazi. Farasi anahisi kiuno kilichokaza na anakasirika. Toyo haikasiriki, inakuangusha tu.

Atatokea msomi aseme hayo mambo ya wazungu. Wapi! Mtazame mama anayeshuka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani juu ya ngata, njia utelezi mtupu, mtoto mgongoni, na bado anakusalimia "ugonile" bila mkungu kuyumba. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa akina mama wa Kikuyu na Kijaluo kule Kenya: walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia oksijeni zaidi. Mwaka 1995 ikaelezwa kwamba mwendo wao unabembea kama pendulamu, nguvu inarudi badala ya kupotea. Utafiti wa Afrika Kusini wa 2010 haukuikuta nafuu hiyo, uliona tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Sawa! Ndiyo maana nasema ni ufundi: kuna anao na kuna hana, na wenye nao tunaishi nao hapa hapa.

Ila mtoto wa mama huyo huyo akipanda Boxer mwili anauacha stendi, kwa sababu tumemwaminisha kuwa ya mama ni ushamba na ya injini ndiyo maendeleo.

Basi nyie mnaoandaa mafunzo, punguzeni hotuba. Toeni siku moja tu ya kuendesha polepole kabisa kwenye nyasi zilizolowa, kwanza bila abiria, kisha na abiria. Na wewe abiria unayevutia upande wa pili kila kona huku unachati, usijifiche, hii inakuhusu pia.