Figo za mmoja, shauri la ukoo mzima

Katika mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet, mchumaji akilalamikia mgongo huambiwa ni uzito wa kikapu. Hununua tembe dukani, akarudi kazini. Mara nyingi huwa ni uchovu kweli. Lakini katika baadhi ya jamaa, maumivu ya ubavuni, damu kwenye mkojo na presha ya kupanda ujanani ni dalili za ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji.

Ugonjwa huu si laana wala kijicho cha jirani. Jeni mbili zinazousababisha zaidi zilitambuliwa mwaka wa 1994 na 1996. Ile ya pili, PKD2, hutengeneza protini iliyo kama lango la kupitishia kalsiamu katika seli za figo. Lango likiwa na kasoro, seli huongezeka ovyo, na vifuko hukua mwaka baada ya mwaka hadi figo zishindwe kusafisha damu. Mzazi mgonjwa, awe baba au mama, huweza kumrithisha kila mtoto. Uwezekano ni nusu kwa nusu.

Kwa hivyo haitoshi kumtibu mmoja na kuwasahau nduguze. Mgonjwa aulizwe: ni nani katika ukoo aliyekufa kwa figo au kwa kiharusi? Kisha nduguze na watoto wake wazima washauriwe kupimwa presha na kupigwa picha ya ultrasaundi.

Kuna jambo zito zaidi. Figo zikifa, mara nyingi ndugu ndiye hujitolea yake, upasuaji unaofanywa Eldoret na Nairobi. Ndugu huyo naye huenda amerithi. Akiwa kijana, hata picha safi haitoshi kila mara, kwani vifuko huweza kuchelewa kuonekana. Daktari asiyejua habari za ukoo anaweza kuwapoteza wawili.

Wengine watauliza, ya nini kumtia mtu hofu ya ugonjwa usioponyeka? Ni kwa sababu presha ikidhibitiwa mapema, figo huhifadhiwa. Na anayejua hali yake ataepuka kumeza ibuprofeni na diklofenaki kiholela. Kupima presha ni kazi ya dakika chache katika zahanati yoyote. Wakuu wa afya wa kaunti hizi mbili na waangalie kwamba swali la ukoo linaulizwa hapo hapo.