SHAURI LA MKULIMA: Udongo Mweusi wa Watu wa Kale

Kila mkulima ajua ya kuwa mahali palipokuwa na boma zamani, mahindi husitawi kuliko penginepo. Juma hili twataka kuwaeleza habari za watu waliofaidi jambo hilo kwa kadiri kubwa sana.

Huko Brazil, kando ya mto Amazon, iko misitu mikubwa. Wengi hudhani ya kuwa penye msitu mnene lazima pana rutuba. Sivyo. Mvua nyingi huosha chakula cha mimea na kukishusha chini sana, na udongo unaobaki huwa mwekundu au wa manjano, wenye uchachu, usiostahimili kulimwa miaka mingi. Lakini hapa na pale, hasa kwenye miinuko karibu na mito, huonekana udongo mweusi, ambao pengine kina chake hufika mita 2. Wenyeji huuita terra preta. Ndani yake mna vigae vya vyungu, mifupa ya samaki, na makaa. Basi haukuumbwa hivyo. Ulifanywa na watu, na sehemu yake kubwa ni ya miaka 500 hadi 2,500 iliyopita.

Siri yake ni nini? Majivu hupunguza uchachu. Mifupa huleta fosforasi na chokaa. Taka huoza zikawa mbolea. Nayo makaa hayaozi upesi, na matundu yake madogo husaidia kushika maji na chakula cha mimea, visichukuliwe na mvua.

Wala si mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 2016 wataalamu walieleza habari za udongo kama huo katika Liberia na Ghana, ambako akina mama wangali wakiufanya kwa majivu, makaa na taka za jikoni.

Je, majivu ya jikoni kwako huenda wapi? Chimba shimo, changanya samadi, mabua, maganda, vumbi la makaa na majivu kidogo, geuza mara kwa mara, na vikiisha kuoza peleka shambani. Lakini usikate miti ili upate makaa, maana ni kubomoa nyumba kwa kutafuta kuni. Vumbi libakilo latosha.

Shamba likigawanywa kwa wana haliongezeki ukubwa. Liwezalo kuongezeka ni rutuba. Wazee wale wa Amazon hatuyajui majina yao, lakini udongo wao ungali ukilisha watu.