Si Kila Tumbo Linalovimba Ni Mimba



Mwaka wa masomo uliopita, binti mmoja wa miaka 14 alianza kufunga kitenge juu ya iniforme. Tumbo lilikuwa limetoka. Kule mtoni walishamtaja hata baba wa mtoto. Na mimi mwalimu wake, niseme ukweli, nilihesabu miezi kama wengine.

Kipimo cha mkojo kikasema mimba. Akapigwa nyumbani, huku akiapa kwamba hajajua mwanaume. Ni shangazi yake tu aliyemuamini. Aliomba mkopo kwenye AVEC yao, akampandisha moto mpaka Bukavu kupitia Bunyakiri. Kwenye ekografi hakukuwa na mtoto. Kulikuwa uvimbe kwenye ovari moja, pale mayai ya uzazi yanapokaa.

Chembe zinazotengeneza mayai zina uwezo wa kutoa kila sehemu ya mwili. Zikipotea njia, zinafanya uvimbe. Mara nyingi si kansa, na ndani yake waganga wanaweza kukuta mafuta, nywele, hata meno. (Msikimbilie kusema amelogwa, sababu ni hizo chembe zenyewe.) Mara chache ni kansa, na hiyo inawashika hasa wasichana na wanawake wa miaka 10 mpaka 30. Inakua haraka, kwa majuma tu. Nyingine inatoa homoni ileile ya mimba, ndiyo maana mkojo ulidanganya.

Kansa hii ni adimu, lakini inasikia dawa kuliko nyingi. Ikipatikana mapema, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanapona. Mara nyingi waganga wanatoa ovari yenye ugonjwa tu, wanaacha ya pili pamoja na kizazi, na binti anaweza kuzaa kesho. Wengine wanahitaji pia dawa za kansa za kupitisha kwenye mshipa, na hizo ni bei kali.

Basi, tumbo la binti likipanda haraka, au likiwa gumu na kuuma, ombeni ekografi hata kama kipimo kimesema mimba. Maumivu makali ya ghafla pamoja na kutapika yasingoje kesho: ovari inaweza kuwa imejisokota.

Wetu alipasuliwa, akarudi darasani, anakaa benchi ya pili. Nilimuomba msamaha mbele ya mama yake. Mbele ya wanafunzi wenzake bado sijaweza.