Mjusi wa Tendaguru tunamdai, kombe zake je?

Kila baada ya miaka michache mjadala wa mjusi wa Tendaguru huibuka, ukachemka wiki mbili, kisha ukapoa. Mbunge atauliza swali, waziri atajibu, magazeti yataandika, sisi wa mitandaoni tutawasema Wajerumani mpaka tuchoke, halafu tunarudi kwenye Simba na Yanga. Msimamo wangu kuhusu nani mwenye mali haujifichi: kilichochimbwa Lindi enzi za mkoloni, kwa jasho la watu wa Lindi, watu wa Lindi wana haki nacho. Lakini leo nataka kulalamikia jambo jingine kabisa. Katika kelele zote hizo sijasikia hata mtu mmoja akitaja kombe.

Ndiyo, kombe. Chaza, kome, konokono wa baharini, hivi vitu tunavyovikanyaga ufukweni tukipiga picha.

Kwa wale ambao shuleni walilisikia jina tu: Tendaguru ni kilima kilichoko kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuta mfupa mkubwa umejitokeza ardhini. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijaisha. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikachimba pale, na msimamizi mkuu wa vibarua alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, jina ambalo lilipaswa kuwa kwenye vitabu vya darasa la nne. (Kuna dainosaria aliyepewa jina lake mwaka 2007, Australodocus bohetii. Mtaa wenye jina lake mimi sijauona.) Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote katika shehena ile leo amesimama Berlin, urefu wake mita 13 na ushei kutoka sakafuni hadi utosini.

Hiyo ndiyo hadithi tunayoijua. Sasa sikilizeni sehemu isiyosimuliwa.

Miamba ya Tendaguru imepangana kama chapati za maji. Kuna matabaka matatu yenye mifupa ya dainosaria, na katikati yake, na juu yake, kuna matabaka ya bahari. Tabaka moja kati ya haya ya bahari limepewa jina la kombe lililojaa humo, Indotrigonia africana, kombe nene lenye matuta mgongoni. Jingine lina jina la konokono, Nerinella, mrefu mwembamba kama msumari wa parafujo. Maana yake ni kwamba kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita bahari ilikuja, ikaondoka, ikaja tena, na wale mijusi wakubwa waliishi na kufa jirani kabisa na maji ya chumvi. Pale ambapo leo ni vichaka vya bara palikuwa pwani.

Mfupa wenyewe haukuambii hivyo. Mfupa unakuambia mnyama alikuwa mkubwa kiasi gani, alikula majani au nyama, labda alivunjika mguu. Kama unataka kujua alisimama juu ya nini siku alipokufa, maji yalikuwa ya chumvi au baridi, yalitulia au yalikimbia, unamuuliza kombe. Na kombe wa kale hasemi mpaka kwanza umjue kombe wa leo. Hapo ndipo ninapotaka tufike.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, wanajiolojia wameitumia tangu enzi za Hutton na Lyell: mambo unayoyaona yakitendeka leo ndiyo yanayokufundisha kusoma yaliyotendeka jana. Chukua kombe la sehemu mbili. Likifia mahali pake na kufunikwa na mchanga haraka, pande zote mbili hubaki zimeshikana. Likizungushwa na mawimbi, pande huachana, kingo huchakaa, na mkondo ukipita hulilaza likiwa limefudikizwa kama bakuli juu ya kabati. Ukiona ukuta wa mwamba una makombe yaliyofudikizwa na kuchakaa, umeona mkondo wa maji wa miaka milioni 150. Ukiona kombe lina kitundu cha mviringo kama kilichotobolewa na keke, umeona mauaji: kuna konokono walao wenzao, hutoboa namna hiyo hiyo hadi leo kwenye fukwe zetu.

Nilishawahi kutembea na akina mama waokotao chaza na kome karibu na Lindi mjini, maji ya bamvua yalipokupwa. Nilikwenda kuandika habari ya kipato, si ya sayansi. Nikaokota kombe moja zuri nikamwonyesha bibi mmoja, nikamwuliza, "Bibi, hili linaliwa?" Akaligeuza mara moja tu. "Hili si la hapa, mwanangu. Hili la mchangani, hapa ni tope. Limeletwa, na limekufa siku nyingi." Akaendelea na ndoo yake. Kisha nikaanza kumsumbua: na hili? Na hili? Kila moja alikuwa na anwani yake. Chaza, mwambani. Tondo, kwenye tope la mikoko. Yule, fungu la mchanga. Wataalamu wanaosoma mazingira ya kale kwa kutumia kombe hufanya kazi hiyo hiyo ya bibi, tofauti ni kwamba wao wanaambiwa profesa.

Kwa njia hiyo, pamoja na kusoma mchanga na chavua, watafiti wamechora picha ya Tendaguru ya kale: mafungu ya mchanga karibu na bahari, vidimbwi vikubwa vilivyokingwa, mifereji ya maji kujaa na kupwa, wangwa, na huko nyuma nchi kavu yenye misitu ya miti ya jamii ya misonobari ambako huenda ndiko mijusi walikokuwa wakila. Mwaka 2000 timu ya Wajerumani na Watanzania ilirudi kilimani, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa hii ya matabaka na viumbe vidogo. Gazeti gani liliipa ukurasa wa mbele? Mfupa unauza, kombe haliuzi.

Halafu kuna huyu Indotrigonia mwenyewe. Ukoo wake ulitapakaa bahari zote enzi za dainosaria, na wataalamu waliamini kwamba ulikwisha zamani. Mwaka 1802 Mfaransa François Péron akakuta mmoja wa ukoo huo karibu na Tasmania. Leo wanaitwa Neotrigonia na wanaishi kuzunguka Australia tu. Ni wachache, lakini wanatosha kufundisha. Hawana ile mirija ambayo kombe wengine huitumia kuvutia maji wakiwa wamejichimbia chini, kwa hiyo hawawezi kujizika kwa kina. Hukaa juujuu mchangani, na wana mguu wenye nguvu wa kujichimbia upya wakifukuliwa na mawimbi. Ukirudi Lindi na elimu hiyo, lile kombe nene lenye matuta linaanza kueleweka: mkazi wa mchanga wa juu, mahali maji yanapotikisika.

Ila hapa lazima tuwe waangalifu, maana ndipo watu wengi wanapoteleza. Neotrigonia yuko Australia pekee leo. Je, tuseme bahari ya Lindi ya kale ilikuwa kama ya Tasmania? Hapana, jamani. Huyu ni mkimbizi, na anwani ya mkimbizi haikuambii alikozaliwa babu yake. Vivyo hivyo mtu akitazama delta ya Rufiji na kusema "Tendaguru ilikuwa hivi", nitamsimamisha. Rufiji ina mikoko, na mikoko ni mimea ya maua, haikuwepo enzi zile. Nyasi hazikuwepo. Hata nyasi za baharini hazikuwepo. Maji kujaa na kupwa yalikuwepo, tope lilikuwepo, kombe kufudikizwa na mkondo kulikuwepo. Kwa hiyo unakopa kile kisichobadilika, yaani tabia ya maji, mchanga na gamba, na unakiacha kilichobadilika. Mimi naona ustadi wote wa kazi hii uko hapo, katika kujua cha kukopa.

Sasa mtaniuliza, kaka, mambo ya miaka milioni 150 yanatuhusu nini sisi tunaohangaika na kodi ya nyumba? Nawajibu kwa mto wa mbali.

Mto Colorado hutoka Marekani na kuingia baharini Mexico. Tangu miaka ya 1930, bwawa la Hoover lilipojengwa, na mengine yaliyofuata, maji yake yamegawanywa mpaka karibu hakuna tone linalofika baharini. Hakuna aliyekuwa amehesabu viumbe wa delta kabla ya mabwawa. Je, kilichopotea kitajulikanaje? Watafiti wakaenda kwenye fukwe zake, ambazo zimejengwa na magamba matupu, wakafanya hesabu iliyochapishwa mwaka 2000. Walikadiria magamba trilioni 2, ya kombe walioishi katika miaka elfu moja hivi iliyopita. Kutokana na hayo wakapata kwamba zamani kila mita ya mraba ilikuwa na kombe hai wasiopungua 50. Waliohesabiwa wakiwa hai baada ya mabwawa? Watatu.

Tafakarini hapo. Marehemu ndio waliotoa ushahidi. Magamba yale yale ambayo mtalii angeyaweka mfukoni ndiyo yaliyokuwa kumbukumbu pekee ya delta iliyo hai.

Nasi tuna Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, lina mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Sitaki kuwekewa maneno mdomoni: silipingi bwawa. Nimesoma kwa kibatari, najua giza ni nini. Na Rufiji si Colorado, maji yakishazungusha mitambo yanaendelea na safari yake. Lakini bwawa hubadilisha majira ya mafuriko na huzuia tope na mchanga, na chini ya mto kuna mojawapo ya misitu mikubwa kabisa ya mikoko Afrika Mashariki, kuna kamba, kuna kaa, kuna watu wanaokula kutokana navyo. Miaka thelathini ijayo mtu atasema delta imebadilika, mwingine atasema haijabadilika, watagombana redioni, na kila mmoja atatoa ushahidi wa babu yake.

Magamba ya kabla ya bwawa bado yamelala kwenye tope na mchanga wa delta. Hayo hayakimbii upesi. Wanaokimbia ni walio hai wa sasa, wa miaka hii ya mwanzo. Ukiwahesabu leo, pamoja na wafu waliolala nao, una jedwali la kulinganisha. Kazi yenyewe inaanza na ndoo, koleo, chekeche na daftari: unachota tope la eneo lililopimwa, unachekecha, unatenga hai na wafu, unaandika aina na idadi. Mwanajiolojia wa Chicago, Susan Kidwell, alikusanya takwimu za namna hii kutoka sehemu nyingi za dunia na mwaka 2007 akaonyesha kwamba pale ambapo binadamu amevuruga sana bahari, walio hai hawafanani na wafu. Tofauti yao ndiyo kipimo. Kujua umri wa magamba kunataka maabara na fedha, sikatai, lakini magamba yaliyohifadhiwa kwenye mifuko yenye tarehe na jina la mahali yanaweza kusubiri fedha. Tope lisilochotwa mwaka huu halisubiri.

Wataalamu tunao. Wanajiolojia wako Mlimani, wa viumbe wa bahari wana taasisi yao Zanzibar, na kila mwaka kuna wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu na kuishia kunakili ya mwaka jana. Waende Rufiji, waende Lindi. Na wasiende kama wale wa 1909, wakamgeuza mwenyeji kuwa mbeba mzigo. Yule bibi wa ndoo awe kwenye orodha ya walimu, alipwe, na jina lake liandikwe kama akipenda.

Na siku mjusi akirudi, au hata akija nakala yake ya plasta, nina ombi moja kwa watakaopanga ukumbi. Pale miguuni pake wekeni kisanduku cha kioo chenye sehemu mbili. Upande mmoja Indotrigonia wa kilimani. Upande wa pili kombe za ufukwe wa Lindi za mwaka huo huo, zilizookotwa maji ya bamvua, kila moja na anwani yake: ya mwambani, ya topeni, ya fungu la mchanga.